Maswali ya Wasomaji: Nataka kuipunguza uzito Altezza yangu, nitoe nini nibakishe nini?

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja, kupunguza uzito wa gari, na karibu zote zimetoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Tunduma mpaka Iringa. Nimechagua chache nikazifupisha, majina sijayaandika. Naanza na ndefu kuliko zote maana ndani yake kuna nusu ya maswali ambayo wengine mmeuliza.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana naishi Soweto hapa Mbeya, nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, manyuali gia sita. Nimeinunua kwa mtu Dar na kule ilikuwa inakimbia vizuri tu ila tangu nimeipandisha huku naiona nzito, Mlima Nyoka mpaka nirudi gia ya tatu. Fundi mmoja wa Mwanjelwa kaniambia tuivue, atoe siti za nyuma, kapeti, AC, spea tairi, eabegi na vile vyuma vya ndani ya milango, anasema itashuka kilo 150 na itakuwa kama ya mashindano. Gari naendea kazini kila siku na mara moja moja nashuka nayo Iringa kwa wazazi. Niifanye?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujamruhusu mtu ashike bisibisi, elewa kwanza kwanini unaiona nzito, maana uzito wake haujaongezeka toka Dar. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Injini yako ya 3S-GE haina turbo, inavuta hewa yenyewe, kwahiyo zile nguvu za farasi 210 za kiwandani huku zinabaki 175 hadi 180 hivi hata kama injini ni nzima kabisa. Halafu hiyo 3S-GE nguvu yake ipo juu, zile 210 inazitoa injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika, huku chini ya 4,000 ni injini ya kawaida tu ya lita mbili. Kwahiyo kurudi gia ya tatu kwenye Mlima Nyoka sio ugonjwa, ndio inavyotakiwa kuendeshwa, irudishe gia mapema kabla haijaanza kulalamika na utaona inapanda.

Lakini pia kagua vitu vya bure. Gari ya miaka 25 ikiwa na breki moja inayoshika kidogo inakuwa nzito kuliko yenye kilo 100 za ziada. Endesha kama dakika ishirini bila kukanyaga breki sana, simama sehemu salama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, ukikuta moja inafuka joto kuliko wenzake basi pistoni ya breki upande huo imekwama. Angalia na filta ya hewa, plagi, upepo wa matairi. Haya ukishayamaliza ndio tuongee kilo.

Na mimi naunga mkono kabisa kupunguza kilo, naomba hili ulielewe, kwasababu kwa gari ya zamani isiyo na turbo huku juu ndio njia bora ya kuipa uhai. Chukua hesabu: RS200 ya manyuali ina kama kilo 1,340. Ukitoa 70 kwa akili, kwenye mlima ni sawa na kuongeza farasi kama 10 na hujagusa injini, hujabadili pampu, huli mafuta zaidi, na tofauti na farasi, kilo zilizotoka zinakusaidia pia kwenye kona na kwenye breki. Shida yangu na hiyo orodha ya fundi wako ni kwamba imechanganya vitu vya kutoa na vitu vinavyokulinda usife, na vile vya kukulinda ndio vingi.

Anza na kupima. Gari nzima unaweza kuipitisha kwenye mizani ya ghala la mazao, ongea na jamaa wa getini vizuri muda ambao hawana foleni ya malori, ila jua mizani zile zinasoma kwa kuruka kilo 10 au 20, kwahiyo zinakupa picha ya jumla tu. Vitu vidogo pima kimoja kimoja na mizani ya kuning'iniza kama zile za kupimia viazi, andika kwenye daftari. Ukipima mwenyewe hutodanganyika tena na mtu anayekwambia kilo 150 kwa kukisia.

Sasa fungua buti. Altezza nyingi zinazozunguka mitaani zina sabufa kwenye boksi la mbao na amplifaya yake, boksi la sabufa mbili zile kubwa ni kilo 25 mpaka 35 na hizo kilo kiwanda hakikuziweka, kaziweka mwenye gari. Hizo zitoke kwanza. Tazama kama kuna bodi kiti (yale mabampa na sketi za urembo) ya faiba nzito, kuna spoila kubwa ya chuma, kuna jeki mbili, kuna galoni la maji, spana za giaboksi ambazo hata hujui za nani. Mafuta nayo ni uzito, tangi la lita 70 likijaa ni kama kilo 52, kwahiyo kama mizunguko yako ni Soweto, Kabwe na Mafiati huna sababu ya kutembea na tangi limejaa wiki nzima, weka nusu. Safari ya Iringa jaza.

Halafu kapeti. Hapa sikwambii uitoe nakwambia uinyanyue, na ufanye hivyo hata kama hutaki kupunguza gramu moja. Gari iliyokaa na mvua zetu za Novemba mpaka Aprili, ikiwa na mpira wa mlango uliochoka au tundu la kutolea maji chini ya kioo cha mbele limeziba na majani, maji yanaingia polepole na yanakaa kwenye lile sponji la chini ya kapeti. Juu unagusa pakavu kabisa. Toa ile plastiki ya kizingiti cha mlango, vuta kapeti upande wa miguu ya abiria, ingiza mkono mpaka chini ulibinye sponji, ukiona maji yanachuruzika kati ya vidole basi umepata kilo zako, lita moja ni kilo moja, na chini yake mara nyingi utakuta kutu imeanza kula sakafu. Toa kapeti yote anika juani, ziba panapovuja, kwangua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rudisha kapeti. Ile lami nyeusi iliyobandikwa sakafuni na kiwanda kwa ajili ya kelele iache, kuikwangua ni kazi ya siku nzima upate kilo chache, na baada ya hapo kelele za kokoto na joto la ekzosi zitakuchosha mpaka uichukie gari yenyewe.

Ekzosi ya mwisho, lile dumu la nyuma, la kiwandani lina uzito wa kutosha na ukipata ya kijapani yuzdi, yaani iliyotumika, iliyo nyepesi unaweza kuokoa kilo kadhaa, ila tafuta isiyopiga kelele maana unaishi na majirani, na katalisti, kile kisafisha moshi, usiikate.

Siti za mbele ndio sehemu yenye kilo nyingi za halali. Siti ya kiwandani na reli zake inafika kilo 18 hadi 20 na zaidi, bakiti nzuri, ile siti nyepesi ya mtindo wa mashindano, na reli zake ni 10 hadi 12. Ukibadilisha ya dereva peke yake umepata karibu kilo 8 na unakaa chini zaidi, unaisikia gari. Masharti yangu ni haya: reli ziwe za gari hiyo, boliti za kiwandani zilezile, sio fundi wa mageti akuchomelee vyuma vya pembe sakafuni. Kufuli ya mkanda ibaki imeshikiliwa pale inapotakiwa. Na mkanda uwe uleule wa kawaida wa pointi tatu, hii mikanda ya mashindano ya pointi nne bila kuwa na keji (fremu ya mabomba inayozuia paa lisibonyee) ndani ya gari ni hatari, gari ikibinuka paa likaingia ndani mwili wako umefungwa wima hauwezi kuinama popote. Kama siti yako ya kiwandani ina soketi ya njano kwa chini usiichomoe kienyeji, njano ni mfumo wa eabegi, toa kichwa cha betri kwanza, subiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, ndio uguse.

Sasa nakuja kwenye yale mengine ya fundi wako. Eabegi za mbele na mifuko yake ni kilo chache mno na siku moja ndizo zitakazoamua kama utarudi nyumbani. Vyuma vya ndani ya milango vinazuia gari nyingine isiingie kwenye mbavu zako, na wewe barabara yako kila siku ni ya malori, TANZAM nzima kutoka Tunduma mpaka Dar inapita katikati ya jiji letu. Chuma cha nyuma ya bampa hivyohivyo. Hapo sina mjadala, vibaki, na fundi anayependekeza kuvitoa kwenye gari ya kuendea kazini usimpe gari yako.

Spea tairi na rimu yake ni kilo 16 hadi 18 na inauma kuiacha humo najua. Ukiwa mjini itoe ukipenda, iweke nyumbani, hapa hapa Mbeya hukosi fundi tairi. Ukienda Iringa irudishe. Kati ya Igawa na Makambako saa tatu usiku tairi ikichanika ubavuni ile dawa ya kupuliza haitokusaidia, itaziba tundu la msumari lakini ubavu haizibi, na kukaa pembeni ya ile barabara gizani ni hatari kuliko kitu chochote nilichoandika hapa. Ukitaka katikati, tafuta spea nyembamba ile ya kiwandani, inaokoa kilo kama tano na inakufikisha. AC na siti za nyuma nimezijibu kwa wenzako hapo chini, soma.

Ukijumlisha sabufa, takataka za buti, siti ya dereva, ekzosi, maji ya kwenye kapeti kama yapo na nusu tangi unafika kilo 70 au 80 bila kugusa kitu kimoja cha usalama. Unataka kujua kama utazisikia? Pakia gunia la viazi la kilo 80 kwenye buti, panda Mlima Nyoka, rudi ulishushe, panda tena kwa gia zilezile. Tofauti utakayoisikia ndio hiyo hiyo unayoenda kuipata.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nipo Njombe, ni mama wa watoto wawili wa miaka 4 na 7. Mume wangu ana gari ya michezo ya zamani ya milango miwili, katoa siti ya nyuma yote anasema gari iwe nyepesi, sasa Jumapili tukienda kanisani watoto wanakaa nyuma kwenye godoro dogo. Nikimwambia anasema ni mwendo mfupi na anaenda taratibu. Naomba unijibu na yeye anasoma hili gazeti.

JIBU: Nzuri dada, nashukuru umeandika, na shemeji kama unasoma naomba nikuongeleshe kwa heshima zote. Mtoto asipande tena hiyo gari mpaka siti irudi. Kasi ya kilomita 50 kwa saa ambayo sisi wote tunaiita taratibu, ukigonga kitu ukasimama ghafla, mtoto asiye na mkanda anaendelea mbele na kasi ileile, na kipigo atakachopata ni sawa na kuanguka toka urefu wa karibu mita 10, ghorofa ya tatu hiyo. Godoro halimshikilii. Na mwendo mfupi haubadilishi kitu.

Siti ya nyuma ya gari kama hizo yote ni kilo 15 hadi 20. Najua raha ya kuona kilo zinatoka, mimi mwenyewe naipenda sana hii kazi, lakini hizo 20 ni za watoto wako. Kingine ambacho watu hawakifikirii, mgongo wa siti ya nyuma ndio unaotenganisha watu na vitu vya kwenye buti, ukiutoa basi jeki na spea vipo chumba kimoja na watoto, na moshi wa ekzosi ukivuja kwa nyuma unaingia moja kwa moja ndani. Kadi ya gari nayo imeandikwa idadi ya watu wa kukaa, ikitokea ajali na ukaguzi ukakuta gari ina viti viwili na watu wanne, bima wana sababu nzuri kabisa ya kukugeuka.

Kama siti ya zamani bado ipo stoo, rudisha na uhakikishe kufuli za mikanda zimetokeza juu hazijalaliwa chini, boliti zimekazwa. Kama ilishauzwa zipo kwenye maduka ya spea yuzdi, kwa gari za Toyota hazisumbui kupatikana. Huyu wa miaka 4 mtafutie na kiti chake cha mtoto. Ukitaka gari ya viti viwili shemeji inawezekana, ila iwe ya kwako wewe peke yako na familia ipande nyingine.

SWALI: Fundi nipo Tukuyu, huku baridi mwaka mzima, AC sijawahi kuiwasha. Nikiitoa nitaokoa kilo ngapi?

JIBU: Kompresa, kondensa, mabomba na kile cha ndani ya dashibodi vyote pamoja ni kama 15 hadi 25 kutegemea na gari. Ila wewe wa Tukuyu ndio mtu wa mwisho ambaye ningemshauri aitoe. AC kazi yake nyingine ni kukausha hewa. Ukitoka Uyole asubuhi ukafika Isongole ukungu umeshuka mpaka chini na mvua juu yake, mko watatu ndani mnapumua, kioo kinaganda ukungu kwa ndani ndani ya sekunde, unaanza kufuta na kitambaa huku unaendesha na mbele kuna fuso la viazi halina taa za nyuma. Washa AC pamoja na hita, elekeza kwenye kioo, kinatakata haraka kuliko njia nyingine yoyote. Kwahiyo iwashe hata leo dakika kumi, na uwe unaiwasha kila wiki ili oili izunguke na sili za kompresa zisikauke.

Kama AC ilishakufa siku nyingi na huna mpango wa kuitengeneza hapo ni sawa kuitoa, lakini kwenye gari nyingi mkanda wa injini unapita pia kwenye kompresa, ukiitoa unahitaji mkanda mfupi zaidi au roli ya kuziba nafasi yake, usije ukaachwa na mkanda unaopwaya. Na gesi kama bado ipo usifungue tu nati ikapulizwa hewani, inaunguza ngozi na macho na inaharibu mazingira, peleka kwa fundi AC mwenye mashine ainyonye.

SWALI: Mambo vipi mkuu, mimi ni wa Iringa Kihesa, nina Celica ST202. Naona watu wanaweka boneti za faiba. Kuna jamaa anauza moja nzuri haina hata mkwaruzo. Pia nataka kuhamishia betri kwenye buti. Unasemaje?

JIBU: Poa ndugu yangu. Wewe gari yako inavuta kwa mbele, injini, giaboksi na kila kitu kipo mbele, kwahiyo pua ndio nzito na mgongo mwepesi. Kosa kubwa ambalo wenye Celica wanafanya ni kuvua vitu vya nyuma maana ndio rahisi kuvifikia, wanatoa siti, spea, kapeti ya buti, mwisho wa siku pua imebaki nzito vilevile na nyuma imekuwa nyepesi sana. Ukishuka Kitonga kwenye mvua ukaachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kupita mbele. Kwahiyo wazo lako la kuanzia mbele ni zuri na nimelipenda.

Boneti kwanza pitisha sumaku juu ya ya kwako. Ikishika ni chuma, ikikataa ni alumini na hapo faida ya faiba ni ndogo sana, Mazda Roadster ya kwanza ile ya 1989 kwa mfano boneti yake ni alumini toka kiwandani, ndio sehemu ya sababu gari nzima ilikuwa kilo 940. Ya kwako ikiwa ya chuma basi ya faiba itaokoa kilo kadhaa. Kabla hujalipa igeuze uangalie kwa ndani, pale komeo la kati linapofungwa na pale bawaba zinapokaa lazima pawe na kipande cha chuma kilichofinyangwa ndani ya faiba. Gonga na kidole, sauti iwe moja, ukisikia sehemu inalia utupu hapo faiba haijashikana. Ukifunga weka pini mbili za ziada kwa mbele. Boneti ya faiba isiyo na pini ikipasukia kwenye komeo ukiwa kilomita 100 inarudi kwenye kioo na huoni kitu tena, na barabara yetu pale Ilula hadi Ipogolo huna pa kukimbilia.

Betri kwenye buti ni kazi nzuri kwa Celica, hupunguzi kilo lakini unazihamisha, unatoa kama 12 puani unaziweka nyuma ya ekseli. Waya uwe mnene wa kubeba umeme wa stata, upite ndani ya bomba la kujikinga pale unapopenya bati, na fyuzi kubwa iwe karibu kabisa na betri, nasisitiza karibu na betri sio kule mbele, maana waya ukichunika katikati ya gari bila fyuzi unawaka moto chini ya miguu yako. Betri ifungwe na bano la chuma. Kama ni ya maji iwe kwenye boksi lenye mpira wa kutolea hewa nje maana inapochaji inatoa gesi inayolipuka, la sivyo nunua iliyozibwa.

SWALI: Nipo Tunduma napata rimu yuzdi bei rahisi. Nimeona za inchi 18 kroomu zinang'aa balaa, na nyingine za 16 ndogo za kijapani hazina mvuto sana. Wa dukani anasema kubwa ndio za spoti.

JIBU: Chukua za 16, na wala usiwaze. Kilo iliyo kwenye tairi sio sawa na kilo iliyo kwenye siti, ile ya kwenye ukingo wa tairi injini inaisukuma mara mbili, inaisukuma isonge mbele na inaizungusha, kwahiyo wakati wa kuondoka inahesabika kama karibu kilo mbili. Na haijabebwa na springi, ukikanyaga shimo yenyewe ndio inapigana na shokapu. Punguza kilo mbili kwa kila gurudumu na utaisikia kwenye stelingi siku hiyohiyo, gari inageuka kirahisi, matuta na rasta inazipita bila kurukaruka. Rimu 18 za kroomu nyingi ni nzito na tairi lake lina ubavu mwembamba, kwa mashimo yetu utakunja rimu kabla ya mwezi.

Ukiwa dukani beba ile mizani ya kuning'iniza, pima kila moja. Tafuta herufi JWL zilizochorwa kwenye rimu, ni kiwango cha Japani cha rimu za alumini, ukikuta na VIA ujue ilipitia upimaji. Izungushe mezani uone kama imepinda, chunguza mikono yake kwa ndani kama kuna ufa au sehemu iliyochomelewa. Yenye weldi iache hata wakupe bure. Na hakikisha inapita juu ya kalipa ya breki yako, kile kinachobana diski.

SWALI: Nitoe pawa stelingi na ABS? Nipo Mafinga, gari ni Silvia.

JIBU: Hapana kwa vyote. Ukikata mkanda wa pawa stelingi raki ileile inayogeuza matairi inabaki na oili inayokupinga, stelingi inakuwa ngumu hasa pale unapohitaji kukwepa kitu ghafla. ABS ni kilo chache na huko kwenu barabara ikilowa majani ya misonobari na udongo mwekundu utaihitaji.

SWALI: Ukipunguza uzito mafuta yanapungua?

JIBU: Kidogo. Kilo 100 nzima ni kama robo hadi nusu lita kwa kilomita 100, na faida hiyo utaiona zaidi mjini kwenye kusimama na kuondoka na kwenye milima. Barabara ya moja kwa moja kama tambarare ya Usangu kinachokula mafuta ni upepo, sio uzito. Kama lengo lako ni mafuta peke yake punguza mwendo kwanza.

SWALI: Fundi mimi nilishafanya, Makambako hapa, nimetoa kama kilo 90 kwenye Altezza, siti zote za mbele bakiti, sabufa nje, ekzosi nyepesi, rimu nyepesi. Sasa gari imenyanyuka nyuma na inacheza cheza kwenye mwendo, usiku watu wananipigia full. Nimeharibu wapi?

JIBU: Hujaharibu, hujamalizia tu. Springi za kiwandani zilipigiwa hesabu ya gari nzito, ukitoa kilo hasa za kwenye buti nyuma inanyanyuka sentimita moja au mbili, pembe za matairi zinabadilika na ndio huo mchezo unaousikia. Nenda kafanye alaimenti, yaani kunyoosha hizo pembe, tairi zote nne, Altezza nyuma nako kunarekebishika usikubali wakufanyie mbele peke yake. Kaa mwenyewe kwenye siti ya dereva wakati wanapima au weka mizigo ya uzito wako, na tangi liwe nusu. Kabla ya hapo cheki bushi za nyuma, kwenye gari ya umri huo ukikuta zimepasuka badilisha kwanza maana alaimenti juu ya bushi mbovu haikai.

Taa nazo jiridhishe kwa macho, maana nyuma ikinyanyuka mwanga hushuka, haupandi, kwahiyo huenda zilikuwa zimekaa vibaya toka mwanzo. Subiri giza, simama mbele ya ukuta kama mita 5 sehemu tambarare, mkaaji mmoja ndani, washa taa kubwa zikiwa dimu sio full, weka alama ya teepu pale mwanga unapokatika halafu linganisha na urefu wa katikati ya taa kutoka chini. Mwanga uwe chini ya hapo, kwa mita 5 ushuke kama sentimita 5 au 6. Kama umelingana au umezidi ndio maana wanakupigia full. Kwenye kila taa kuna skrubu ya kushusha na kupandisha kwa nyuma yake, geuza kidogo kidogo pande zote mbili ziwe sawa. Altezza nyingi zina na kile kiswichi cha kushushia taa kwenye dashibodi, kiweke sifuri kabla hujaanza kupima.

Upepo wa matairi pia punguza, ulikuwa unajaza kwa ajili ya ile mizigo. Anza na ulioandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, asubuhi matairi yakiwa ya baridi.